Msamaha wa Goti

Ateremkaye kutoka Bombo kuelekea Gonja Maore, mkungu wa ndizi begani, huyatwika magoti yake mawili uzito wa mwili mzima na mzigo juu yake. Na hapo ndipo goti lililowahi kuumia linaposema. Tuchukulie kijana aliyekumbwa mguu katika mchezo wa mpira, goti likapinda na kulia, ikakatika ile kano ya ndani izuiayo muundi usiponyoke mbele. Aliyemwangusha alikuja jioni kumtaka radhi, naye akamridhia, kwani maumivu yalikuwa ya kustahimilika na harusi ilikuwa karibu.

Sasa imepita miaka 15. Gegedu, lile tabaka laini litengalo mfupa na mwenziwe, limelika. Goti limesagika, kama wasemavyo watu. Si uchawi: waliochunguza majeraha haya wameona kwamba yapata nusu ya waliokatika kano hiyo huingiwa na maradhi haya baada ya miaka 10 hadi 20, na hata kuiunda upya kwa upasuaji si dhamana, kwa kuwa kishindo cha siku ile ya kwanza kililifikia na gegedu lenyewe.

Je, msamaha wa jioni ile uliyafuta maumivu ambayo, ulipotolewa, hayakuwapo? Imamu Abu Hanifa alihukumu kwamba aliyesamehe kukatwa mkono pasipo kutaja litakalozuka, kisha akafa kwa jeraha lilo hilo, hakusamehe kuuawa kwake, na diya, fidia ya uhai, yadaiwa; wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu, wakisema asameheye chanzo amesamehe na tanzu zake. Hoja ya mwalimu naiona nzito zaidi, maana ni nani atoaye asichojua kuwa anacho? Lakini jirani Walutheri wa mwenye goti wamesoma katika Injili jinsi Petro alivyouliza idadi ya kusamehe akajibiwa kwa hesabu isiyohesabika, nami nadhani mara zote zile zaweza kuwa za kosa moja tu, lisamehewalo upya katika kila kona ya mteremko.

Na afikapo Maore, mguu ukimtetema, aliyemwangusha, ambaye pengine siku ile imekwishamtoka akilini, ndiye ainukaye kivulini kumpokea mkungu.