Ya Chungu Gani?

Nilikuwa na miaka saba hivi. Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na uani mmoja. Siku hiyo mama alinipa kibakuli cha bati akanituma kwa bibi wa chumba cha mwisho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Mama anaomba chumvi."

Bibi alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Akasimamisha mkono, akanitazama. "Ya chungu gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimetumwa chumvi, basi.

"Rudi ukamuulize. Kama anaunga mchuzi, nitakupa ya kijiko. Kama ana samaki wa kutia chumvi, hicho kibakuli hakitoshi. Na kama koo linamwasha anataka kusukutua, nitakupa na maji ya moto."

Nilirudi mbio. Ilikuwa ya mihogo ya kuchemsha.

Wazee wa pwani wana methali yao: mwomba chumvi huombea chunguche. Chunguche ni chungu chake, kwa ile lugha ya mkato waliyoipenda. Wengi huitumia kwa lawama, kumsema mtu anayejifanya mwema kumbe anavutia kwake: fulani anasifia barabara mpya kwa kuwa itapita mbele ya duka lake, na wenzake wanamalizia kwa methali hii. Maana hiyo ipo na siikatai. Lakini tangu siku ya kibakuli, mimi naisikia kama fundisho la adabu ya kuomba. Mwombaji wa kweli ana chungu jikoni. Anakijua ukubwa wake, anajua kilichomo ndani na kinakosa nini. Asiye na chungu anaomba chumvi ya nini?

Dua ndipo mahali ambapo Mwislamu hulazimika kulijibu swali la yule bibi. Hadithi inayofungua Sahihi Bukhari, iliyopokewa na Umar bin Khattab, inafundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia. Watoto wa chuoni tuliijua nia kabla hatujajua maana yake, kwa neno "nawaitu" tulilolitamka pamoja baada ya tarawehe ili swaumu ya kesho ikute nia imeshawekwa usiku. Walimu wetu, wafuasi wa Imamu Shafi kama ilivyo ada ya pwani hii, walikuwa wakigonga kifua kwa kidole: ulimi unasaidia tu, nia inakaa hapa. Na kilichokaa moyoni huwezi kumwazima mtu.

Ndiyo maana naumia ninapoona dua zetu zinavyokwenda siku hizi. Adhuhuri ikishaswaliwa katika misikiti ya Kariakoo, imamu anainua mikono, sisi tunaitikia amin. Amin ya pamoja ina baraka zake na siidharau. Lakini nyingi hutoka mdomoni wakati jicho liko kwenye simu, kutazama kama pesa ya mteja imeingia, au mlangoni, kutafuta kiatu. Kuna hadithi ndani ya Tirmidhi inayoonya kwamba Mwenyezi Mungu haitikii dua ya moyo ulioghafilika. Mtu anasema amin, naye hawezi kukwambia dakika moja baadaye imamu aliomba nini. Ametumwa chumvi, hajui ya chungu gani.

Tazama walivyoomba Mitume. Musa alipoamrishwa kumwendea Firauni hakuomba tu kheri na mafanikio. Sura ya Taha inatuonyesha anavyotaja haja moja moja: kifua kikunjuliwe, kazi iwe nyepesi, fundo la ulimi lifunguliwe ili wamwelewe, apewe msaidizi kutoka kwa jamaa zake, na akamtaja kwa jina, Haruni ndugu yake. Zakaria naye, katika Sura ya Maryamu, alianza kwa kueleza hali ya jiko. Mifupa imedhoofika, kichwa kimejaa mvi, mke ni tasa, na ana hofu na jamaa watakaobaki nyuma yake. Kisha ndipo anaomba mrithi. Na alimwita Mola wake kwa siri, kwa sauti ya chini, mzee huyu peke yake. Mungu hakuwa na haja ya kuelezwa kuhusu mvi za Zakaria. Aliyehitaji kuzisema ni Zakaria, kwa sababu mtu asiyekiri mifupa yake imechoka hajafika bado mahali pa kuomba.

Swala ya istikhara imejengwa juu ya jambo hilohilo. Jabir bin Abdullah amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafundisha istikhara kama alivyowafundisha sura ya Kurani: rakaa mbili, kisha dua, na ndani ya dua mtu anataja haja yake. Katika vile vitabu vidogo vya dua vinavyouzwa nje ya misikiti, hapo pameachwa pawazi ili kila mtu aweke lake. Nawajua wafanyabiashara ambao hawapandi ndege kwenda Guangzhou kufuata mzigo kabla ya istikhara. Wakifika pale pawazi hawasemi "safari yangu" wakapita. Wanataja mzigo ni vitenge au ni vyombo, mtaji ni wa nani, mwenzao wa safari ni yupi. Bandarini kwetu pia ndivyo kontena linavyotoka: karatasi zitaje kilichomo. Kontena ambalo mwenyewe hajui limebeba nini, litakaa hapo.

Wapo wanaoona haya. Mtu anasema, mimi nani nimsumbue Mola kwa kodi ya pango, kwa cherehani iliyoharibika, kwa mtoto aliyeshindwa hesabu? Anaona dua inataka mambo makubwa, tena kwa Kiarabu cha kunyooka. Katika Jami ya Tirmidhi imo riwaya inayomhimiza mja amwombe Mola wake haja zake zote, hata ukanda wa kiatu unapokatika, na mapokezi mengine yanaongeza: hata chumvi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Chumvi ileile!

Na kuhusu lugha, masheikh wetu hawajamzuia mtu, nje ya swala, kumwomba Mola wake kwa Kiswahili. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipoitoa Kurani Takatifu kwa tafsiri kamili mwaka 1969, maelfu ya watu wa pwani walijua kwa mara ya kwanza kile ambacho ndimi zao zilikuwa zikikisoma miaka yote. Dua za Mtume ni bora kuzihifadhi, nami nazihifadhi. Lakini ukishazisoma, baki umekaa. Sema na lako, kwa maneno unayosemea na mama yako.

Chungu nacho kikaguliwe. Imo katika Sahihi Muslim habari ya msafiri wa mbali, nywele timutimu, mwili vumbi tupu, anainua mikono mbinguni anaita Mola wake, na huku chakula chake ni haramu, kinywaji haramu, nguo haramu. Mtume akauliza, huyo atajibiwa vipi? Hadithi hii husomwa mara kwa mara kwenye mawaidha, nami nadhani sisi wa sokoni inatuhusu kuliko wengine. Aliyenunua kwa mkulima kwa lumbesa, gunia limevimba mpaka limeshonewa kilemba juu, kisha akaliuza kwa kilo zilizopunjwa, anakuja msikitini kuomba baraka. Chungu kimetoboka. Chumvi atakayotiwa itapita na maji kuingia motoni.

Yupo mama mmoja aliyekuwa na meza ya viungo ndani ya Soko Kuu la Kariakoo, lile lililoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Aliwahi kuniambia dua yake ya miezi iliyofuata: magunia mawili ya tangawizi, na mtu wa kumkopesha asiyetaka riba. Neno kwa neno, kila usiku, theluthi ya mwisho, saa ambayo malori ya mboga yanapakua na jiji lililobaki limelala. Nikamuuliza kama hakuchoka. Akasema wa kwanza kujitokeza alitaka riba, akamkataa, na kumkataa kulikuwa rahisi kwa sababu alishasema mbele ya Mungu anachokitaka. Alisubiri. Mtume ametuonya tusiharakishe tukasema nimeomba sikujibiwa, na mama huyu alikuwa analijua onyo hilo kwa tumbo la njaa. Lilipokuja gunia la kwanza alilitambua. Anayeomba kwa jumla hupewa na asijue kama amepewa.

Sasa nirudi kwa bibi wa chumba cha mwisho. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Dari hakuna, sauti zilipita chini ya bati kutoka chumba hadi chumba. Kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa nikimsikia. Alianza na wazee wake waliotangulia, jina moja moja, kisha wanawe, kisha akawa anatembea kwa ulimi chumba baada ya chumba. Baba wa chumba cha pili, kuli wa bandarini, alimwombea mgongo. Mama yangu alimwombea mimba isitoke safari hii. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba anayemwombea ndugu yake asiyekuwepo, malaika humwambia nawe upate mfano wake; kwa hesabu hiyo, kila chungu cha uani ule kilikuwa kinaunga na chake. Lakini mimi wakati ule nilikuwa siyajui hayo. Nilikuwa nalala kwenye mkeka, giza bado, nasubiri zamu yangu, na zamu yangu ilikuwa inafika.

"Na huyu mjukuu wangu, Ya Rabbi, hesabu za kugawanya zimemshinda, na anaogopa kusema kwa mwalimu. Mfungulie."

Sikuwahi kumwambia mtu kuhusu kugawanya.