Nani Anaamka Kukamua?

Hebu tuanze na swali dogo. Ni saa kumi na moja alfajiri, baridi imegandisha maji ndooni, na mbuzi wanalia bandani kwa sababu viwele vimejaa. Nani anaamka?

Nauliza kwa ajili ya shamba moja la zamani, Connemara, lililoko Flat Rock katika milima ya North Carolina, Marekani. Mshairi Carl Sandburg alihamia pale mwaka 1945, akaishi hapo hadi alipofariki mwaka 1967. Sisi tunaotaka kuandika tunapenda sana habari za watu kama yeye. Eti alikuwa akiandika usiku, kisha analala mpaka jua limepanda. Raha iliyoje! Lakini mbuzi hajui kama jana usiku mtu alipata shairi. Lazima akamuliwe asubuhi na jioni, iwe Jumapili, iwe sikukuu.

Baridi ikiingia, kazi inazidi. Majani makavu yawe yamewekwa akiba tangu majira ya joto. Yakichachuka tumboni hutoa joto, na ndiyo maana mbuzi aliyeshiba huvumilia baridi. Kinachomwumiza ni unyevu na upepo unaopenya bandani. Tena mbuzi wa huko hupandwa siku zinapoanza kuwa fupi, na mimba ni miezi mitano. Wengi basi huzaa baridi haijaisha, na kitoto kilicholowa kisipokaushwa upesi kinaweza kufa.

Shughuli hiyo yote aliisimamia mkewe, Lilian, akisaidiwa na mabinti zao. Niliposoma hayo nikakasirika: ndiyo yale yale, mwanamume anashika kalamu, mwanamke anabeba ndoo!

Kumbe nilikosea. Mbuzi walikuwa wa Lilian. Mama huyu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyewafuga, na familia ilihama Michigan kutafuta mahali ambapo baridi ingekuwa nafuu kwa mbuzi wake. Mwaka 1960 mbuzi wake mmoja wa aina ya Toggenburg, Jennifer II, aliweka rekodi ya dunia ya maziwa kwa aina hiyo. Kwa hiyo, bwana, mshairi ndiye aliyewafuata mbuzi!

Lakini nyumba ile ina historia nyingine. Ilijengwa karibu mwaka 1838 na Christopher Memminger, ambaye mwaka 1861 alikuja kuwa waziri wa fedha wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Watumwa walifanya kazi pale. Nao waliamka alfajiri, na baridi ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewauliza, na wasingeweza kukataa.

Basi siku hizi nikiona mtu ameamka ili mwingine aandike, siangalii uzito wa ndoo. Naangalia mambo mawili: je, anaweza kukataa? Na kazi ile ina jina lake, kama mbuzi wale walivyokuwa na jina la Lilian, au inaishia tu kwenye kitabu cha mwenzake?

Nyumbani kwetu mdogo wangu wa kike huamka saa kumi na moja kuchota maji kabla hayajakatika. Mimi nalala, kwa kuwa "nilikuwa naandika". Mama husema, "Mwacheni, ana kazi ya kichwa." Sidanganyi kwamba mdogo wangu ni mtumwa, ila sikuwahi kumwuliza. Juzi nikamwuliza: asubuhi hizo zingekuwa zake, angefanya nini? Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Ningelala," akasema.

Nilitegemea aseme angesoma, au angeshona, nipate la kuandika. Lakini kulala nako ni haki yake, kama ninavyolala mimi. Sasa tumegawana siku, na makala hii imechelewa wiki mbili. Mhariri anisamehe.