Fuawe la Babu

Bin Sira mwenye hekima, katika sura ya 38 ya kitabu chake, aonyesha mhunzi aketiye karibu na fuawe. Joto la moto lamkausha mwili, mlio wa nyundo wamjaa masikioni, wala macho yake hayaachi kuutazama mfano wa chombo anachokifanya. Watu wa namna hiyo hawaitwi barazani kukata mashauri ya wakubwa. Lakini pasipo wao hakuna mji uwezao kukaliwa na watu. Ndivyo Maandiko Matakatifu yanavyomheshimu mtu mwenye mikono myeusi kwa makaa.

Husimuliwa mfano wa mhunzi mmoja mkatekumeni, aliyekaa katika kijiji cha milimani juu ya Ziwa Albert, upande wa Kongo. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake vilevile. Lakini kijiji kilipohamishwa kutoka mlimani na kuwekwa kando ya barabara, fuawe la babu lilibaki huko juu, kwa maana lilikuwa jiwe zito. Mhunzi huyo akafanya kazi juu ya kipande cha chuma cha gari bovu. Chuma kile kiliyumba kwa kila pigo, na majembe yakatoka yamepinda. Watu wakaanza kwenda soko la mbali kunoa majembe yao, kama Waisraeli wa zamani za Sauli walioshuka kwa Wafilisti kwa sababu nchini mwao hapakuwa na mhunzi.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho wa mafundisho yake. Alitazamia kubatizwa Pasaka. Mvua zilikuwa karibu, na mkewe alimwuliza kila jioni watakula nini asipofua jembe hata moja lililonyoka. Akaazimia kwenda kulitafuta jiwe.

Baba yake mdogo, mzee asiyeweza tena kupanda mlima, akamwambia: «Mwanangu, usitafute jiwe. Tafuta kwanza mavi ya chuma.» Neno hilo lilikuwa la mtu ajuaye. Mahali pa kijiji cha kale palikuwa pori tupu, na mawe yalikuwa mengi kama mbuzi wa tajiri. Mhunzi akafyeka nyasi siku nzima, mpaka panga lake likagonga madonge meusi, mazito, yenye matundu kama sega la asali, na kando yake vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Hapo ndipo moto wa babu ulipowaka.

Karibu na mahali pale palikuwa na mawe mawili ya kufaa. La kwanza lilikuwa kubwa, zuri, limenyoka juu kama meza. Akafurahi, akalipiga kwa nyundo. Likalia kama chungu chenye ufa, na nyundo ikalala juu yake. Jiwe lile lilikuwa limepasuka ndani, ingawa nje halikuonyesha alama yoyote. La pili lilikuwa limezama udongoni, limefunikwa na majani yaliyooza na siafu. Akalichimbua, akalisugua. Uso wake ulikuwa laini kama jiwe la kusagia, tena umebonyea kidogo katikati. Lakini jiwe la kusagia halina vishimo vidogo vya nyundo pembeni, wala wekundu wa chuma ulioingia ndani. Akalipiga mara moja tu. Likaitika kwa sauti kali, na nyundo ikaruka juu mkononi mwake. Akaketi chini, maana sauti ile aliisikia utotoni kila asubuhi.

Hapa yafaa kukumbuka neno la Mtakatifu Inyasi, askofu wa Antiokia. Mwanzoni mwa karne ya 2, alipopelekwa Roma katika minyororo ili atupwe kwa wanyama wakali, alimwandikia barua Polikarpo, askofu wa Smirna, akimsihi asimame imara kama fuawe lipigwalo. Hakumwambia awe nyundo. Nyundo hazikosekani duniani. Polikarpo alikaa na shauri hilo muda mrefu sana. Alipouawa kwa ajili ya imani katikati ya karne ile, mwenyewe alihesabu miaka 86 ya kumtumikia Kristu. Kadinali Lavigerie naye aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima ila baada ya miaka 4 ya kumfundisha na kumjaribu. Miaka 4 ni mirefu kwa mtu ambaye jirani zake humcheka kila siku.

Mhunzi akarudi kijijini kuomba vijana wa ukoo wamsaidie kulichukua jiwe. Hapo shida ikaanza.

Ng'ambo ya ziwa, katika Bunyoro, jiwe la fuawe lilikuwa likipelekwa nyumbani kama bibi arusi. Wazazi wa mhunzi walilinyunyizia nafaka na maji, ili lizae watoto wengi, yaani majembe na mikuki. Katika desturi hiyo mna furaha ya watu wapendao kazi, wala si vema kuicheka. Lakini baba mdogo alitaka jambo jingine. Alitaka kuku achinjwe na damu yake imwagwe juu ya jiwe kwa ajili ya mzimu wa babu, la sivyo jiwe litamvunja mguu atakayelisogeza. Vijana wakasikia, wakakunja mikono.

Padri alikuwa mbali, safari ya siku mbili, na kuku alikuwa karibu. Mhunzi akaenda kwa katekista. Katekista akamwambia: «Chakula na pombe kwa wachukuzi ni ujira wa haki. Kumheshimu babu ni amri ya nne, na kumwombea ni tendo jema. Lakini damu unayoimwaga kwa kuogopa mzimu, hiyo yaigusa amri ya kwanza. Wewe mwenyewe wajua utakayemjibu siku ya ubatizo, utakapoulizwa kama wamkataa Shetani.»

Akarudi, akapiga magoti mbele ya mzee. «Baba, kuku nitamchinja, lakini tumle sisi tulio hai. Babu nitamwombea kwa Mungu.»

«Basi, ulichukue peke yako,» mzee akajibu, akaingia ndani.

Akalichukua peke yake. Akakata tawi lenye panda, akalilaza jiwe juu yake, akalifunga kwa kamba za magome, akaanza kulikokota kuteremka mlima. Mzigo mzito huonea mtu kuliko kawaida katika mteremko, maana humsukuma toka nyuma. Penye kijito kamba ikakatika, jiwe likabingirika, likamponda kidole cha mguu.

Jioni ile kijiji chote kilikuwa na neno moja mdomoni: mzee alisema. Mkewe hakusema kitu, na hilo lilimwuma kupita kidole. Usiku kucha hakulala. Kumtafuta kuku gizani hakungechukua hata nusu saa.

Kulipopambazuka katekista akaja, akaosha kidonda, akaitazama kamba. «Umefunga kwa magome makavu,» akasema. «Magome makavu hukatika kwa mkatekumeni na kwa mpagani vilevile.» Hakuhubiri zaidi. Akaondoka, akarejea na wanawake wawili wa mafundisho, magome mabichi mabegani, na fundi mmoja wa matofali asiyekuwa mkristu wala hakutaka kuwa, ila alihitaji mwiko wake unyoshwe. Wakakata magogo, wakalibingirisha jiwe juu yake, wakiyatoa nyuma na kuyaweka mbele, mhunzi akichechemea na kuelekeza. Iliwachukua siku tatu.

Akalichimbia nusu yake ardhini lisiyumbe, kama alivyofanya babu. Akawasha moto, akatia chuma, akapiga.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni pake. Akainua kichwa. Mapigo yakafuatana, sauti ile ile. Kabla ya adhuhuri mjukuu wake mdogo akafika mbio kwa mhunzi, jembe lililovunjika begani, na mkononi kuku aliye hai, amefungwa miguu.

«Babu asema mumle,» mtoto akasema.