Mtakatifu Augustino na Siku za Utoto Wake

Ni nani awezaye kusimulia siku aliyozaliwa? Hapana hata mmoja. Mtu husema, “Nalizaliwa mwaka wa njaa,” kwa sababu mama yake alimwambia hivyo.

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa amepita miaka arobaini, naye ni askofu wa Hippo, aliandika kitabu cha Maungamo, apate kumfunulia Mungu maisha yake yote. Lakini alipofika kwenye uchanga wake alikuta giza. Afanyeje basi? Alisadiki maneno ya waliomlea, tena akatazama watoto wachanga wa wengine, akakisia kwamba yeye naye alikuwa vile. Alimwona mmoja, asiyejua bado kusema, akimkazia macho ya wivu mwenziwe aliyenyonya titi lile lile. Je, wivu ule ulikuwa wa mtoto, au ni ule ambao mtu mzima anaujua moyoni mwake mwenyewe? Mtoto hakuweza kuulizwa. Augustino mwenyewe aliona vigumu kuzihesabu siku zile kuwa sehemu ya maisha yake.

Ya shule aliyakumbuka vema. Alipigwa fimbo kwa kupenda kucheza mpira; akamwomba Mungu asipigwe, na wakubwa wakamcheka. Michezo ya watu wazima, aliandika, huitwa kazi. Watoto wakifanya vivyo hivyo huadhibiwa. Ni askofu asemaye hayo!

Tena, alipokuwa na miaka 16, yeye na wenzake waliiba usiku matunda yaitwayo peasi, wakayatupia nguruwe. Kijana alicheka, askofu, miaka zaidi ya 25 baadaye, alihuzunika kurasa nyingi. Wizi ni ule ule, lakini huzuni ni ya mzee na kicheko ni cha kijana. Atakaye kuujua utoto wa Augustino katika kitabu kile huwasikia wote wawili wakisema pamoja, wala si rahisi kuwatenga.

Vijijini ni vivyo hivyo. Baba amchapaye mtoto husema, “Sisi zamani tulitii wazee.” Labda. Bibi yake mtoto yupo, ameketi kando ya moto, naye ananyamaza tu.

Basi katekumeni anayetafakari maisha yake kabla ya Ubatizo na amwendee kwanza mama yake, au shangazi aliyemlea, amwulize. Wala asikasirike akisikia habari isiyofanana na ile anayoikumbuka. Augustino alitiwa katika hesabu ya wakatekumeni tangu utoto, akabatizwa mjini Milano siku ya Pasaka mwaka 387. Mwaka ule ule mama yake, Mtakatifu Monika, alifariki huko Ostia. Aliposhika kalamu aandike habari za utoto wake, hakuwa naye tena wa kumwuliza.