Saa Iliyomo Ndani ya Mkaa

Takriban miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu ya kutisha, ukafunika nchi kwa majivu na yale mawe mepesi yanayoelea majini. Leo umetulia, na udongo uliotokana na milima ya moto unalisha migomba na chai ya wilaya nzima ya Rungwe, kata ya Matwebe ikiwemo. Siku ile hapakuwa na kalenda wala karani. Nani basi alitunza tarehe?

Muumba aliitunza ndani ya miti. Mionzi kutoka anga za mbali hugonga naitrojeni iliyo juu ya vichwa vyetu na kuzaa kaboni-14. Mmea huivuta pamoja na hewa ya ukaa maadamu ungali hai. Ukifa, hauongezi tena. Kilichomo huanza kupungua. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, na baada ya mingine kama hiyo hubaki robo. Moto hauharakishi mwendo huo, wala baridi ya Rungwe haiucheleweshi. Mmarekani Willard Libby ndiye aliyetufundisha kuisoma saa hii mwishoni mwa miaka ya 1940, akatunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1960.

Kuisoma kunahitaji mlinganyo wa logi. Tuseme kipande cha mkaa kimechimbuliwa chini ya majivu, na maabara ikakuta asilimia 62 ya kaboni-14 yake bado imo. Tunaandika:

0.5ⁿ = 0.62

Hapo n ni idadi ya vipindi vya miaka 5,730 vilivyopita. Kisichojulikana kimekaa juu, kwenye kipeo, ambako kujumlisha na kugawanya hakukifikii. Chukua logi pande zote mbili, nacho kitashuka:

n × log 0.5 = log 0.62

Logi ya 0.5 ni -0.3010, na ya 0.62 ni -0.2076. Gawanya: n ni 0.69. Zidisha kwa 5,730, upate miaka 3,950 hivi. Wataalamu hurekebisha kidogo, kwa kuwa kaboni-14 hewani haikuwa sawa nyakati zote, lakini njia ni hiyo hiyo.

John Napier wa Scotland alichapisha majedwali ya kwanza ya logi mwaka 1614, ili kuwapunguzia watu kazi ya kuzidisha namba ndefu. Hakujua kabisa habari za kaboni-14. Hata hivyo hesabu yake ilikuja kulingana na sheria iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya kila gogo tangu kale. Akili ya mwanadamu na mti wa msituni vimetoka mkononi mwa Fundi mmoja, ndiyo maana vinaelewana.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi, usiuruke mlinganyo wa logi kwa kudhani ni adhabu ya mtihani. Ukokotoe hatua kwa hatua, kisha umshukuru Mungu aliyekupa akili ya kuisoma kazi yake.