Sahibu wa Siku Moja

Njia ya mwongo ni fupi. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na hatukuhitaji kufafanuliwa: anayedanganya hafiki mbali kabla ya kuumbuka. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba imetungwa na watu wanaoishi pamoja. Katika mtaa ambao kila mtu anamjua mama wa kila mtu, uongo wa asubuhi hurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Je, inamfaa na msafiri? Msafiri hukutana na mtu asubuhi, wakala pamoja, wakatembea pamoja, na kesho yake wakaagana wasionane tena. Hapo njia ya urafiki ndiyo iliyo fupi, na uongo haupati muda wa kufichuka. Ni kipi basi kinachomfunga mtu kumwambia kweli sahibu wa siku moja?

Swali hili halikunijia vitabuni. Lilinijia Lisbon, mji wa bandari wa Ureno, siku moja ya mwezi wa Oktoba, na nilikuwa nimekwisha kulijibu vibaya kabla sijatambua kwamba nimeulizwa.

Nilikuwa nasafiri peke yangu, nikafikia katika hosteli moja ya Alfama, mtaa wa vichochoro unaopanda kilima juu ya mto Tejo. Mtu wa Mji Mkongwe haoni ugeni Alfama. Vichochoro vile, nguo zilizoanikwa madirishani, majirani wanaozungumza kutoka dirisha hadi dirisha, vyote amevizoea. Hata jina la mtaa lina asili ya Kiarabu, limebaki tangu zama za utawala wa Waislamu uliokoma pale mwaka 1147. Asubuhi tulijikuta watu wanne kwenye meza moja ya chai: mimi, mwalimu wa kike kutoka Salvador nchini Brazil, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akisomea uhandisi wa meli, na mama wa makamo kutoka Ireland, mjane, aliyesema kwamba anasafiri ili ajifunze kula peke yake.

Urafiki wetu ulianza na meza yenyewe. Yule Mbrazili aliniuliza Kiswahili kinaiitaje, na nilipomjibu alipiga makofi, kwa kuwa kwao ni mesa. Nikawaambia kwamba neno hilo tulilichukua kwa Wareno, pamoja na bendera, leso na mvinyo. Na kwamba neno lao la kanisa, igreja, kwetu ndilo lililozaa gereza. Mama wa Ireland alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mbrazili naye akasema kwamba yeye ni kitinda mimba, na kwao kitinda mimba huitwa caçula, neno la Kimbundu lililotoka Angola. Hakueleza lilivyofika Brazil, wala hatukumwuliza. Tukakubaliana kuzunguka mji pamoja.

Tuliteremka hadi uwanja wa Terreiro do Paço, mahali liliposimama jumba la mfalme mpaka tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilipoliangusha. Kutoka hapo tukafuata ukingo wa mto hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Mimi ndiye niliyewaomba twende huko, kwa sababu ya kitu kimoja. Ndani ya makumbusho hayo mna chombo cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi. Kilifanywa na sonara Gil Vicente na kukamilika mwaka 1506. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, na rangi zake zinang'aa kana kwamba kimetoka mikononi mwa fundi jana. Maandishi ya kwenye kitako chake yanasema kwamba Mfalme Manuel I aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Wenzangu walisoma, wakapita. Nikawarudisha. Nikawaeleza Kilwa ni wapi, na kwamba dhahabu ile ilitoka bara, ikapitia Sofala, ikautajirisha mji wa mawe na misikiti. Nikawaeleza kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1502, akaelekeza mizinga yake mjini, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa. Na kwamba mwaka 1505 Francisco de Almeida alirudi na manowari, akauteka mji na kuupora. Nilisema vizuri siku ile. Kijana wa Kijerumani alivua kofia. Mama wa Ireland akasema kwamba watu wa kwao wanalijua jambo la namna hiyo.

Baada ya hapo tulipanda tramu hadi Belém. Tulisimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama katika kanisa la Jerónimos, jengo ambalo sehemu ya gharama yake ilitokana na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Tukavuka barabara hadi kwenye mnara wa mabaharia uliojengwa kwa mawe mwaka 1960, wakati wa utawala wa Salazar. Mbele ya mnara huo sakafuni pana ramani ya dunia ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi. Nilisimama juu ya pwani yetu, wakanipiga picha. Kutwa nzima walinitendea kwa taadhima, kama mtu aliyefiwa. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona mwema kiasi kile bila ya kutenda jema lolote.

Magharibi tulipanda feri kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto, safari ya dakika kama kumi. Wawili walibaki ndani kwa sababu ya upepo. Mimi na yule mwalimu tulisimama nje. Akaanza kunisimulia habari zake. Wahenga wake waliletwa Bahia utumwani, lakini hajui kutoka wapi. Pengine Angola, pengine pwani ya Benin. Waafrika waliopelekwa Brazil walizidi milioni 4, na utumwa haukupigwa marufuku huko mpaka mwaka 1888. Wengine walitoka hata Msumbiji, upande wetu wa bahari. Kisha akaniuliza, bila ya ukali wowote: na kisiwani kwenu, watu waliuzwa?

Nikamjibu kwamba soko lilikuwapo, lakini ile ilikuwa kazi ya wageni. Sisi tulikuwa watu wa bahari na biashara. Akaitikia kwa kichwa, akatazama maji.

Cacilhas tulikula samaki wa kuchoma, wenzangu wakaendelea na mazungumzo. Mimi nilikuwa nalipima jibu langu, nikaona kwamba lilikuwa na wakili mzuri. Soko lilikuwapo, kweli. Wageni walihusika, kweli: masultani wa ukoo wa Oman, wakopeshaji wa Kihindi, wanunuzi wa Kifaransa waliotafuta watu wa mashamba yao ya visiwani. Lakini ni nani waliopalilia na kuchuma karafuu za Unguja na Pemba katika karne ya 19? Ni nani waliobeba pembe kutoka bara? Wenye mashamba na watumwa walikuwa Waarabu, na walikuwamo pia Waswahili wenye uwezo. Tippu Tip alizaliwa Unguja, akafia Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ingali ipo Shangani, na habari za maisha yake alizitunga kwa Kiswahili hiki hiki ninachokiandikia, miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu. Nilikuwa nimekiita kitu cha wageni kitu kilichosimuliwa kwa ulimi wangu. Asubuhi nilikuwa mrithi wa Kilwa yote, dhahabu na machungu yake. Jioni, lilipokuja swali la pili, nikaukana urithi.

Tulipokuwa tunarudi nilimwomba tusimame tena nje. Nikamwambia kwamba jibu langu la kwanza halikuwa kamili, nikamweleza haya niliyoyaandika. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Aliniuliza soko lilikuwa mahali gani. Nikamwambia Mkunazini, lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana mahali pale pale, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Akauliza kama majina ya waliouzwa pale yanajulikana. Nikasema walio wengi hayajulikani. Akanyamaza mpaka feri ikagusa gati, kisha akasema: basi tuna jingine la pamoja, zaidi ya meza.

Wapo watakaoniambia kwamba nilikosea kusema. Watasema kwamba siri ya nyumba haitolewi kwa mpita njia, na kwamba wabaya wetu wamekuwa wakiitumia historia hii kutugombanisha sisi kwa sisi. Hoja hii siidharau. Katika visiwa hivi maneno ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa yamekwisha kumwaga damu, na mwenye busara huchagua mahali pa kuyatamka. Ningekuwa nimenyamaza tangu asubuhi, huenda ningestahili kujitetea hivyo. Lakini sikunyamaza. Nilikuwa nimeifungua historia mbele ya wageni, nikaokota ukurasa ulionipendeza, nikapokea kwa ajili yake huruma ya watu watatu. Mwenye kufunga mlango ana haki yake. Mwenye kuufungua nusu ili aonekane maskini anachukua kisicho chake.

Ipo na hoja ya upande wa pili, kwamba urafiki wa siku moja si urafiki, hivyo hauna madai. Aristotle alikuwa na rai inayokaribia hiyo: watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja, na chumvi yenyewe huliwa kidogo kidogo. Nasi kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mtu wa umri na maarifa. Nakubali kwamba sikumjua yule mwalimu, wala hakunijua. Lakini naona kwamba hapo ndipo deni linapozidi. Rafiki wa miaka mingi ana mizani ya kupimia maneno yangu. Anajua nikitia chumvi, anajua nikiona haya. Sahibu wa siku moja hana mizani. Nitakachompa atakwenda nacho kwao kama kilivyo, na atamwambia mwingine: nilikutana na mtu wa Unguja, akaniambia. Kwa mtu huyo mimi ndiye Unguja yote. Ninapomdanganya yeye nawadanganya na wale nitakaowakilishwa kwao, na nawasemea uongo wale waliopita Mkunazini bila ya kuachiwa jina.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Hakukaa sana, wala hakuwa na sababu ya kurudi. Aliusifu mji kwa uzuri, akamsifu sultani wake kwa ukarimu uliompa jina la Baba wa Vipawa. Na katika habari hizo hizo akaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akishambulia mara kwa mara nchi za jirani na kurudi na ngawira. Yeye hakuona kosa katika mashambulizi yale. Aliyataja kama sifa. Hata hivyo aliandika yote mawili, na kwa hiyo sisi tulio nyuma yake kwa karibu miaka 700 tunaweza kumhukumu sultani, na kumhukumu msafiri pia. Lau angetuachia ukarimu peke yake, angetunyima hata haki ya kutokubaliana naye.

Hayo yote hayaipunguzi dhahabu iliyomo Lisbon. Iliporwa, na aliyeipora aliipora. Dhuluma ya Wareno haikufutwa na dhuluma yetu, na wala yetu haikufutwa na yao. Hesabu hizi mbili haziondoleani. Mtu anayeogopa kusema ya kwake kwa kudhani kwamba atapoteza haki ya kudai alichoporwa, ameifanya haki kuwa tuzo ya wasiokuwa na doa, na watu hao sijapata kukutana nao katika bandari yoyote.

Kesho yake asubuhi yule mwalimu alikwenda Porto kwa treni. Tuliagana kwenye meza ile ile, tukapeana mikono, wala hatukupeana anwani. Watu wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lisbon sote wawili tulikuwa wageni, na sijui nani alimponya nani. Ninachojua ni kwamba swali lake nisingeulizwa nyumbani, ambako kila mtu analijua jibu na hakuna anayeuliza. Siku hizi nikipita Mkunazini nikielekea sokoni Darajani, hupunguza mwendo.