Hesabu Ikiisha, Swali Bado Lipo

Wajukuu zangu mnaojiandaa na mtihani wa Darasa la Saba, leo nataka kusema nanyi juu ya mafumbo ya ratiba: kengele zinazolia pamoja, mabasi yanayoondoka pamoja, mafundi wanaopishana zamu. Huniuma kuona mtoto hodari wa kuzidisha na kugawanya akipoteza alama hapa kwa sababu amekimbilia hesabu kabla hajalielewa swali.

Kwanza, tambueni aina ya fumbo. Ziko mbili, na njia zake hazifanani.

Aina ya kwanza ni ya mambo yanayojirudia. Mabasi matatu huondoka kituoni, moja kila baada ya dakika 15, la pili 20, la tatu 24. Yameondoka pamoja saa 2:00 asubuhi. Yataondoka tena pamoja saa ngapi? Hapa tafuteni Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. 15 ni 3 × 5. 20 ni 2 × 2 × 5. 24 ni 2 × 2 × 2 × 3. KDS ni 2 × 2 × 2 × 3 × 5, sawa na 120. Mwenye pupa akiiona 120 kwenye machaguo huisiliba papo hapo. Lakini hizo ni dakika, nanyi mmeulizwa saa. Dakika 120 ni muda wa saa mbili, basi jibu ni saa 4:00 asubuhi.

Swali hilohilo likiuliza mabasi yataondoka pamoja mara ngapi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, msigawe 10 kwa 2 mkaandika 5. Orodhesheni: saa 2, 4, 6, 8, 10, 12. Ni mara 6, kwa kuwa ile ya kwanza nayo imo. Neno "tena" likiwemo, ya kwanza hutolewa, na hapo ndipo 5 inapokuwa sahihi. Neno moja hubadili jibu, lipigieni mstari.

Angalieni pia urefu wa mzunguko. Mlinzi mmoja hufanya kazi siku 3 kisha hupumzika siku 1. Mwenzake hufanya kazi siku 5 kisha hupumzika siku 1. Leo wote wamepumzika. Anayeshika 3 na 5 atapata 15, naye atakosa. Siku ya mapumziko ni sehemu ya mzunguko, kwa hiyo namba zenu ni 4 na 6. Watapumzika tena pamoja baada ya siku 12.

Aina ya pili ni ya vipindi vinavyoingiliana. Asha yuko karakana kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 8:15 mchana. Juma kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Wanakuwa pamoja kwa muda gani? KDS haina kazi hapa. Choreni mstari wa saa, kisha shikeni kanuni hii: anzeni na aliyechelewa kufika, malizieni na aliyewahi kuondoka. Kuanzia saa 4:00 hadi saa 8:15 ni saa 4 na dakika 15. Wakiwa watatu au wanne, kanuni ni ileile. Na kama wa mwisho kufika amefika baada ya wa kwanza kuondoka, hakuna wakati ambao wote walikuwa pamoja.

Ratiba ikichanganya saa zetu na mtindo wa saa 24, geuzeni zote ziwe za aina moja kabla ya kujumlisha. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongezeni 6: saa 9:00 alasiri ni 1500. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi ongezeni 18, na ikifika 24 au kuzidi, toeni 24: saa 8:00 usiku ni 0200. Wala msisahau kwamba dakika 150 ni saa 2 na dakika 30.

Basi wajukuu zangu, kila mkipata namba, rudini kwenye sentensi ya mwisho ya fumbo na muulize: nimeulizwa muda, saa, siku au idadi? Kisha kaeni wawili wawili, kila mmoja amtungie mwenzake fumbo la ratiba na alitegue mwenyewe kwanza. Aliyezoea kutunga swali huiona mitego yake mapema, na chumba cha mtihani hakimtishi.